Miaka 13 kwenye ardhi na mafuta, na dokezo la siku hiyo hiyo

Msomaji wetu, afisa ardhi msaidizi katika halmashauri moja ya wilaya, ameuliza: "Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba Harold Ickes alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Marekani kwa miaka 13, na kwamba alisimamia ardhi ya umma na mafuta bila kuchafuka. Kwanza, mambo ya ndani na ardhi wapi na wapi? Pili, mtu anashikaje mafuta miaka yote hiyo mikono isipake? Au ndiyo zile sifa tunazowapa marehemu?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali matatu, na la kwanza ndilo jepesi.

Kwetu ukitaja Mambo ya Ndani, mtu anaona polisi, magereza, uhamiaji na zimamoto. Wizara ya Marekani yenye jina hilo iliundwa mwaka 1849, na "ndani" yake ni kule bara, magharibi, ambako serikali ilikuwa na ardhi isiyo na hesabu. Humo ndimo yalimo malisho, hifadhi za taifa, mabwawa, madini, mafuta yaliyo chini ya ardhi ya umma, na pia mambo ya wenyeji wa asili wa nchi ile. Idara yake moja tu, ile inayoshika ardhi ya umma, leo ina ekari kama milioni 245. Tanzania nzima, ukijumlisha na maziwa yake, ni ekari milioni 234 hivi. Kwa hiyo ukimsoma Ickes, weka kichwani Waziri wa Ardhi na Maliasili, umsahau IGP.

Sasa mafuta. Ili uelewe kwa nini Ickes alisifiwa kwa kutoiba, jambo ambalo lilipaswa kuwa la kawaida, lazima umjue Albert Fall aliyeikalia wizara hiyo kabla yake. Fall alikuwa seneta wa New Mexico, mfugaji mwenye ranchi kubwa na madeni makubwa. Aliingia wizarani mwaka 1921. Wakati huo jeshi la majini la Marekani lilikuwa limehama kutoka makaa ya mawe kwenda mafuta, na serikali ilikwisha kutenga maeneo ya akiba: Elk Hills na Buena Vista kule California, na Teapot Dome kule Wyoming. Yalikuwa mafuta ya kukaa ardhini mpaka siku ya vita.

Mwezi Mei 1921 Rais Harding alitia saini amri ya kuyahamisha maeneo hayo kutoka jeshini kwenda kwa Fall. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili, Fall akaikodisha Teapot Dome kwa kampuni ya Harry Sinclair. Hakukuwa na zabuni wala tangazo. Elk Hills ikaenda kwa Edward Doheny. Kisheria angeweza kujitetea, na alijitetea kwelikweli, kwamba ni siri ya ulinzi wa taifa.

Kilichomwangusha ni majirani. Watu wa Three Rivers, kule New Mexico, waliona ranchi ya Fall iliyokuwa hoi inanenepa ghafla: kodi ya miaka mingi imelipwa, eneo limeongezwa, na mifugo ya mbegu bora inashushwa kutoka shamba la Sinclair lililoko New Jersey, upande wa pili wa nchi. Seneta Thomas Walsh wa Montana alipoanza kuuliza, Fall alisema fedha alikopeshwa na tajiri mmoja mwenye gazeti pale Washington. Tajiri yule kwanza alikubali, kisha alipobanwa akakiri kwamba hundi zake zilirudishwa bila kuguswa. Ndipo Doheny mwenyewe akaja kusema kwamba alimpelekea Fall dola 100,000 taslimu, mwanawe akazibeba ndani ya mkoba mweusi. Eti ni mkopo wa marafiki wa zamani. Kwa Sinclair zilipatikana hatifungani za serikali za zaidi ya dola 200,000. Mahakama Kuu ilizifuta zile hati za ukodishaji mwaka 1927. Fall alihukumiwa mwaka 1929 na kuingia gerezani mwaka 1931, waziri wa kwanza wa Marekani kufungwa kwa kosa alilolitenda akiwa ofisini. Na kichekesho cha sheria ni hiki: alipatikana na hatia ya kupokea rushwa kutoka kwa Doheny, na Doheny akaachiwa kwa shtaka la kuitoa.

Nimekaa sana kwa Fall kwa sababu wewe unafanya kazi kwenye masijala, na hadithi yake ni hadithi ya masijala. Faili lilihama wizara, mkataba ukasainiwa bila macho ya pili, na sababu ya kutoutangaza ikaitwa usalama wa taifa. Mafuta yalikuja baadaye.

Ickes aliingia mwaka 1933, na hakuna aliyemtarajia. Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1874, akahamia Chicago akiwa kijana wa miaka 16, akajisomesha, akawa mwandishi wa habari, kisha wakili. Miaka mingi alifanya siasa za upinzani ndani ya chama chake, akiwapigia debe wagombea safi ambao walishindwa karibu wote. Alikwenda kumwona Franklin Roosevelt, rais mteule, akitumaini labda atapewa idara ya mambo ya wenyeji wa asili. Uwaziri ulikuwa umeshatolewa kwa maseneta wawili, Hiram Johnson na Bronson Cutting, wakakataa. Roosevelt hakuwa akimfahamu. Alimtazama, akapenda anavyoonekana, akamteua. Ickes alikuwa na miaka 58, umri ambao kwetu mtu anahesabu miezi ya kustaafu.

Hapa niseme jambo ambalo wanaomsifu huliruka. Mke wake, Anna Wilmarth, alitoka kwenye familia tajiri. Ickes hakuwa na ranchi inayodaiwa kodi. Simpunguzii heshima, lakini mtu anayekataa bahasha akiwa ameshiba si sawa na anayeikataa mwisho wa mwezi. Wewe unajua mshahara wako, na mimi naukumbuka wangu.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa fedha za ujenzi. Mwaka huo wa 1933 bunge lilitenga dola bilioni 3.3 za kazi za umma ili kuwapa watu ajira wakati wa mdororo, na Roosevelt akamkabidhi Ickes. Bilioni 3.3 za mwaka 1933! Alisoma mikataba mmoja mmoja, akauliza bei ya saruji, akarudisha mafaili. Madaraja, shule na mabwawa yalijengwa na mengi yamesimama hadi leo, ila fedha zilitoka taratibu mno, na watu wenye njaa hawali uadilifu. Roosevelt alichoka kusubiri, akampa mtu mwingine, Harry Hopkins, kazi ya kugawa ajira kwa haraka. Ickes hakumsamehe Hopkins kwa miaka.

Tena kuna habari ya Louis Glavis, na hii naiona kuwa doa kubwa zaidi. Mwaka 1909 Glavis alikuwa afisa wa ardhi kama wewe, kijana, akishughulikia maombi ya ardhi ya makaa ya mawe kule Alaska. Alimtuhumu waziri wake, Richard Ballinger, kwamba anawabeba wakubwa fulani. Rais Taft alimfukuza kazi Glavis, nchi ikagawanyika, na vijana wapenda mageuzi, Ickes mmojawapo, wakamfanya shujaa. Basi Ickes alipopata wizara akamwita Glavis, akamfanya mkuu wa upelelezi wa ndani. Glavis akajenga jeshi la wachunguzi. Wafanyakazi waaminifu wakaanza kunong'ona koridoni. Mpaka mwaka 1936 Ickes mwenyewe alikuwa amemchoka, na Glavis akaondoka. Miaka minne baadaye Ickes alilipitia upya faili la zamani, karatasi kwa karatasi, kisha akachapisha makala kwenye gazeti kubwa akisema Ballinger hakuwa na hatia. Alikuwa waziri aliye madarakani, naye akaandika hadharani kwamba shujaa wa ujana wake alikosea na yeye alikosea pamoja naye. Wangapi unawajua wangefanya hivyo?

Kuhusu ardhi yenyewe nitapita haraka, ingawa ndiyo fani yako. Kabla ya mwaka 1934 malisho ya umma kule magharibi yalikuwa shamba la bibi: anayewahi ndiye anayelisha, na kesho usipowahi hukuti jani. Ukame ulipokuja, udongo ukapeperuka. Mwezi Mei mwaka huo vumbi kutoka nyanda za kati lilifika hadi Washington kwenyewe, wakati muswada wa malisho ukijadiliwa. Sheria ikapita mwezi Juni. Wafugaji wakaanza kukata vibali, wakilipa senti 5 kwa ng'ombe kwa mwezi. Mkurugenzi wa kwanza wa idara ya malisho alikuwa mfugaji na mwanasheria wa Colorado, Ferrington Carpenter, ambaye aliunda kamati za wafugaji wenyewe wagawane maeneo. Ickes alimwona analegea mno kwa wafugaji, wakagombana, akamwondoa. Mimi naona Carpenter alikuwa na hoja, maana mpaka wa malisho unaochorwa makao makuu unajua mwenyewe unavyopokelewa kijijini.

Tena ardhi ile haikuwa tupu. Bwawa la Grand Coulee, lililojengwa kwa fedha alizozisimamia Ickes, lilizamisha maporomoko ya Kettle, mahali ambapo wenyeji wa asili walivua samaki wa samoni tangu enzi za mababu. Mwezi Juni 1940 walikusanyika hapo kuyaaga maporomoko yao, na mkusanyiko huo unaitwa hadi leo sherehe ya machozi.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, mikono na mafuta. Nitakuonyesha mambo mawili, moja ni gesi.

Mei 6, 1937, meli ya angani ya Wajerumani, Hindenburg, iliungua ikijaribu kutua Lakehurst, New Jersey. Walikufa watu 36. Ilikuwa imejazwa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Heliamu haishiki moto, lakini karibu heliamu yote ya dunia wakati huo ilikuwa Marekani, kule Texas, chini ya wizara ya Ickes. Bunge lilikuwa na huruma, likapitisha sheria ya kuruhusu kuiuza nje kwa matumizi ya amani. Sheria hiyo ilitaka bodi nzima ikubali, na mkataba uidhinishwe na Waziri wa Mambo ya Ndani, yaani Ickes mwenyewe. Mwanzoni hata yeye aliunga mkono.

Kisha mwezi Machi 1938 Hitler akaimeza Austria, na Ickes akaiweka kalamu chini. Hugo Eckener, mzee wa meli za angani, mtu ambaye hata Ickes alijua kwamba si kipenzi cha Hitler, alivuka bahari kuja kumsihi. Wizara ya mambo ya nje ilitaka heliamu iende. Rais naye alielekea kukubali. Ickes akauliza: nani atanihakikishia kwamba haitatumika vitani? Hakuna aliyeweza. Roosevelt akamuuliza mwanasheria wake kama rais anaweza kumpita waziri wake juu ya jambo hili. Akajibiwa hapana, sheria inahitaji saini ya Ickes. Angeweza kumfukuza, lakini hakufanya hivyo. Meli ya mwisho ya Wajerumani ilirushwa kwa haidrojeni, haikupakia abiria wa nauli hata mmoja, na mwaka 1940 ikakatwakatwa.

Angalia vizuri: uwezo wa kukataa ulikuwemo ndani ya sheria. Ickes hakuwa jasiri wa kupambana na rais wake mikono mitupu. Sheria ilikuwa imemtaja, naye akakaa pale pale sheria ilipomweka, hakusogea.

La pili ni mafuta yenyewe, na hapo alifanya kitu ambacho ungedhani ni kosa la Fall kurudiwa. Mwezi Mei 1941 Roosevelt alimpa usimamizi wa mafuta yote ya nchi kwa ajili ya ulinzi, na vita vilipopamba moto cheo kikakua. Ickes, adui wa makampuni, akamchukua makamu wa rais wa Standard Oil ya California, Ralph Davies, akamfanya naibu wake. Ofisi ikajaa watu wa mafuta. Wapenda mageuzi wenzake walishika vichwa. Lakini aliwaita mchana, majina yao yakijulikana na kazi yao ikiwa imeandikwa. Na walihitajika: mwanzoni mwa mwaka 1942 nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazamisha meli za mafuta karibu na pwani ya mashariki, watu wakiziona zinaungua kutoka ufukweni. Jibu likawa bomba la inchi 24 kutoka Longview, Texas, hadi pwani ya mashariki, kilomita 2,000 hivi, lililoanza kujengwa Agosti 1942 na kufikisha mafuta mashariki Agosti 1943. Bomba letu la Hoima hadi Tanga ni la kipenyo hicho hicho cha inchi 24, na kilomita 1,443. Linganisha miaka mwenyewe, ila ukumbuke kwamba vita hupunguza vikao.

Mwaka huo huo alijaribu kuifanya serikali ya Marekani inunue kampuni iliyokuwa na haki ya kuchimba mafuta ya Saudi Arabia. Makampuni yakagoma, mazungumzo yakafa kabla mwaka haujaisha. Wasomaji wetu walioko Ghuba wanaweza kukaa na wazo hilo wakinywa kahawa: historia ya mji wa Dhahran, makao ya kampuni hiyo, ingekuwaje kama mwajiri angekuwa serikali ya Washington?

Na sasa mwisho wa kazi yake, ambao ndio jibu lako hasa. Suala lilikuwa mafuta ya chini ya bahari, pwani ya California. Ni ya jimbo au ya taifa? Makampuni yalipenda yawe ya jimbo, kwani yalikuwa yameshazoeana nalo. Ickes alitaka serikali kuu ifungue kesi. Mwaka 1944, kwa maelezo yake, Edwin Pauley, mfanyabiashara wa mafuta na mweka hazina wa chama tawala, alimdokeza kwamba wenye mafuta wa California wangeweza kuchangia kampeni dola 300,000 kama kesi ile ingewekwa kando. Pauley alikana daima kwamba alisema hivyo. Walikuwa wanaongea tu, na hapakuwa na mkoba mweusi.

Ickes alirudi akaandika. Alikuwa na shajara aliyoitunza miaka yote ya uwaziri, maelfu ya kurasa, humo kila mtu ametukanwa na yeye mwenyewe amesifiwa sana. (Hapo ndipo penye jibu la swali lako la tatu: sifa nyingi za marehemu alijipa akiwa hai.) Lakini mazungumzo yale yalikuwa yameandikwa yangali mabichi.

Mwezi Januari 1946 Rais Truman alimteua Pauley kuwa naibu waziri wa jeshi la majini, jeshi lile lile lenye akiba ya mafuta ambayo Fall aliichezea. Kamati ya Seneti ikamwita Ickes. Truman alimwambia aseme kweli, ila awe mpole kwa Pauley. Ickes alikwenda na kumbukumbu zake, akasema kweli, na upole akausahau nyumbani. Februari alijiuzulu kwa barua ndefu akiomba akae hadi mwisho wa Machi amalizie kazi. Truman akamjibu kwamba siku mbili tatu zinatosha. Mwezi uliofuata jina la Pauley likaondolewa.

Zamani, nikiwa afisa mdogo katika ofisi moja nisiyoitaja, simu ilipigwa kutoka juu: kiwanja fulani kipimwe leo, karatasi zitafuata. Mkuu wangu, mzee mkimya, alisema "ndiyo mheshimiwa," akaweka mkonga, akavuta karatasi na kuandika dokezo sabili, yaani maelezo mafupi ya ndani ya ofisi: saa, jina, maneno aliyoambiwa, na kwamba anasubiri maelekezo ya maandishi. Akalipa namba ya ukurasa, akaliingiza kwenye faili mbele yangu. Karatasi za kutoka juu hazikuja. Kiwanja hakikupimwa. Yeye alihamishwa baada ya miezi michache, kwa hiyo usidhani nakuuzia dawa isiyo na uchungu. Faili lilipofunguliwa miaka baadaye, ukurasa ule ulikuwa bado umo.

Ickes alifariki Februari 1952. Kesi ya mafuta ya baharini serikali kuu ilishinda Mahakama Kuu mwaka 1947, halafu mwaka 1953 bunge likayapa majimbo haki ya mwambao wao kwa sheria mpya, kwa kura za wazi. Elk Hills iliuzwa mwaka 1998 kwa dola bilioni 3.65 na Teapot Dome mwaka 2015 kwa dola milioni 45 hivi, zote mbili zikiwa zimetangazwa sokoni.